Duka la Jirani la Intaneti

Kila nikienda nyumbani Nakuru, mjomba lazima anitajie Bill Gates. "Hata yeye aliacha chuo," anasema akinimiminia chai. Najua anataka kunituliza roho. Lakini mimi niliacha mwaka wa tatu kwa sababu karo iliisha. Sikuwa na kampuni iliyokuwa ikiningoja nje ya geti. Kama ni lazima nifananishwe na mtu, basi wacha nijichagulie mwenyewe: Danny Lewin.

Wengi hawajamsikia, ilhali pengine wametumia kazi yake leo asubuhi.

Mwaka 1995, Tim Berners-Lee, yule aliyevumbua wavuti, alikuwa MIT kule Marekani. Aliona shida ikija: watu wakivamia tovuti moja kwa wakati mmoja, seva yake inalemewa na kila mtu anabaki akingoja. Akawatupia wenzake swali hilo. Tom Leighton, profesa wa hesabu ambaye ofisi yake haikuwa mbali, akalichukua. Mwaka 1996 akaja mwanafunzi mmoja mzaliwa wa Denver, aliyehamia Israeli na wazazi wake akiwa na miaka 14 na kutumikia kikosi maalum cha jeshi la huko. Huyo ndiye Lewin.

Wazo lao si geni kwetu. Hakuna anayepanda matatu hadi kiwandani kununua pakiti moja ya unga. Unaenda kwa duka la jirani. Basi badala ya wote kukimbilia seva moja ya mbali, nakala za picha na kurasa ziwekwe kwenye seva nyingi, karibu na watu.

Ugumu ni kujua kilicho wapi. Ukigawa faili kwa njia ya kawaida kati ya seva 10, halafu uongeze ya 11, karibu kila faili inabidi ihame. Lewin, Leighton na wenzao wanne walichapisha jibu lao mwaka 1997. Wazia seva zimepangwa kwenye duara, na kila faili ina mahali pake kwenye duara hilo hilo. Faili inatunzwa na seva ya kwanza inayofuata. Seva moja ikifa, mzigo wake tu ndio unaenda kwa jirani, zingine hazisumbuliwi. Ni hesabu tupu, lakini yenye faida kubwa.

Mwaka 1998 waliingiza wazo hilo kwenye shindano la biashara la MIT. Hawakushinda. Agosti mwaka huo huo wakasajili kampuni, wakaiita Akamai, neno la Kihawaii lenye maana ya mwerevu. Lewin akaiweka kando shahada yake ya uzamifu. Oktoba 1999 hisa ziliuzwa kwa umma kwa dola 26 kila moja, na siku hiyo hiyo zikafunga zaidi ya dola 145. Halafu soko la kampuni za intaneti likaporomoka, wateja wakafilisika, wafanyakazi wakaachishwa kazi.

Asubuhi ya Septemba 11, 2001, Lewin alipanda ndege ya American Airlines namba 11 kutoka Boston kwenda Los Angeles. Ripoti ya tume rasmi inasema alidungwa kisu na mmoja wa watekaji, kabla ndege haijagonga jengo la World Trade Center. Alikuwa na miaka 31. Siku hiyo dunia nzima ilikimbilia tovuti za habari, na nyingi zikakwama. Ofisini kwake wenzake walikuwa wakipambana kuziweka hewani tovuti za wateja wao, huku wakipokea habari kwamba yeye ameenda.

Mwaka 2002 hisa moja ilishuka chini ya dola moja. Kampuni haikufa. Leighton, yule profesa, alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wake mwaka 2013.

Sisi pia tumewahi kupigana na umbali huo. Zamani barua pepe ya kutoka kampuni moja ya intaneti Nairobi kwenda nyingine hapo hapo mjini ilipitia ng'ambo kwanza kwa setilaiti. Kituo cha KIXP kilifunguliwa mwishoni mwa 2000 ili kampuni hizo zibadilishane data hapa hapa. Telkom Kenya ikalalamika kwamba haki yake ya kipekee imevunjwa, kituo kikafungwa, na hakikufunguliwa tena hadi 2002.

Safari hii nilimweleza mjomba hayo yote, kuanzia unga. Nikamwambia pia Lewin hakutoka darasani mikono mitupu: alitoka na hesabu aliyoitolea jasho miaka kadhaa, na mwalimu wake akatoka naye. Mjomba akanyamaza kidogo, akaweka kikombe chini.

"Na hiyo karo," akauliza, "imebaki pesa ngapi?"