Pua yako haijui mdomo wako: historia ya watu kujikagua harufu ya kinywa

1/ Uzi wa leo ni mrefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti na chai yako kabisa. Tangu niandike ule wa fizi kutoka damu, inboksi imejaa swali moja lililoulizwa kwa namna ishirini: "Nesi, nitajuaje kama mdomo wangu unanuka?" Wengine wanajipulizia kiganjani. Wengine wanalamba mkono halafu wananusa. Kuna dada ameniambia anapumua ndani ya kikombe kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nimeona badala ya kujibu mmoja mmoja niwape historia yake, maana swali hili ni la zamani kuliko mnavyodhani, na jibu lake limo humo humo kwenye historia.

2/ Tuanze na Hieron, mtawala wa Syracuse kule kisiwani Sicily, karne ya 5 kabla ya Kristo. Kisa chake kimeandikwa na Plutarch, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 500 baadaye. Siku moja adui wa Hieron alimtukana kwamba mdomo wake unanuka. Mtawala akarudi nyumbani amefura, akamwuliza mkewe: ina maana wewe miaka yote hii hukuniambia? Mke akajibu, na hakuwa anatania: nilidhani wanaume wote wananukia hivyo.

Yaani hebu tulia hapo kidogo. Huyu bwana ana askari, ana watumishi, ana wapambe wa kumsifia asubuhi mpaka jioni. Wote wamesimama karibu naye, wamenusa, wamenyamaza. Mke hana wa kumlinganisha naye. Aliyemwambia ukweli ni adui, tena akitafuta kumuumiza. Plutarch alikitumia kisa hiki kuonyesha faida ya kuwa na maadui. Mimi kama nesi nakitumia kuonyesha kitu kingine: mwenye mdomo alikuwa wa mwisho kujua. Wahenga wetu walishasema nyani haoni kundule.

3/ Twende China, karne ya 2 baada ya Kristo, enzi za mfalme Huan wa ukoo wa Han. Kulikuwa na afisa mzee wa ikulu, kinywa chake kikinuka. Mfalme hakumwambia. Alimpa kitu kidogo cheusi akamwamuru akiweke mdomoni. Mzee akahisi kinachoma ulimi, akaogopa kutafuna, akaogopa kumeza. Akaamini amekosea kitu na mfalme amempa sumu. Akarudi nyumbani kuaga familia, watu wakaangua kilio. Wenzake walipofika kumwuliza kulikoni, wakaomba waione hiyo sumu, wakaishia kucheka. Ilikuwa karafuu.

Karafuu ile ile ya kwenye pilau! Wakati huo ilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Zanzibar ilikuja kuipanda karne ya 19. Pale ikulu ya Han ikawa desturi, maafisa wakienda kuzungumza na mfalme wanaweka karafuu mdomoni. Angalia lakini mfalme alivyofanya. Ana mamlaka ya kumkata mtu kichwa, ila kumwambia "mzee, unanuka mdomo" hawezi. Akaona bora atoe dawa bila maelezo, na mzee wa watu nusura afe kwa hofu.

4/ Dini nazo hazikulikwepa jambo hili. Katika sheria ya Kiyahudi iliyokusanywa karibu mwaka 200, kuna aina za wanaume ambao mahakama inaweza kuwalazimisha kutoa talaka, na mmoja wao ni mwenye ugonjwa ambao wafasiri waliueleza kuwa ni harufu mbaya ya pua au ya kinywa. Rabi mmoja akaongeza: hata kama mwanamke aliijua hali hiyo kabla ya ndoa, ana haki ya kusema nilidhani ningeweza kuvumilia, sasa nimeshindwa. (Akina mama nawaona mnavyotikisa kichwa.) Katika Uislamu aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kibichi aliambiwa akae mbali na msikiti asiwakere wenzake, na kupiga mswaki kukatiliwa mkazo sana. Neno letu lenyewe "mswaki" limetoka kwenye Kiarabu, kwenye kile kijiti cha mti ambacho watu wa pwani wanakijua vizuri. Na matabibu wa India ya kale waliandika habari za kukwangua ulimi zamani sana, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu wao ndio walikuwa karibu zaidi na ukweli.

Ukitazama yote haya, hakuna anayeagizwa ajinuse. Harufu ilikuwa kesi ya wanaoinusa, na wewe kazi yako ilikuwa kusafisha tu.

5/ Sasa nani alitufundisha kujinusa na kujishuku? Hapa ndipo pananiudhi.

Mwaka 1879 huko St. Louis, Marekani, daktari Joseph Lawrence alitengeneza dawa ya kuua vijidudu akaiita Listerine, kwa heshima ya Joseph Lister, yule daktari mpasuaji wa Uingereza aliyepigania usafi wakati wa upasuaji. Jordan Wheat Lambert akachukua haki ya kuitengeneza na kuiuza. Miaka mingi ilikuwa dawa ya kawaida tu ya madaktari wa upasuaji na wa meno. Miaka ya 1920 mwanawe, Gerard Lambert, akawa anatafuta namna ya kuiuza kwa watu wengi zaidi. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye: wakiwa ofisini wanajadili matangazo, mtu akauliza kama dawa inasaidia harufu ya kinywa. Wakamwita mkemia wao, naye akaja na kipande cha jarida la kitabibu chenye neno "halitosis". Lambert hakuwa amewahi kulisikia. Akajua amepata.

Neno hilo lilikuwa la madaktari. Joseph Howe, daktari wa Marekani, alikuwa ameshatoa kitabu kizima kuhusu pumzi na magonjwa yanayoipa harufu mwaka 1874. Ila mtu wa mtaani hakulijua, na uzuri wake kibiashara ni kwamba linasikika kama ugonjwa. Kunuka mdomo ni aibu. Kuwa na "halitosis" ni kitu cha kununulia dawa.

6/ Matangazo yakaanza. Maarufu kuliko yote lilikuwa na dada aitwaye Edna: mzuri, ana adabu, anakaribia miaka 30, kila siku anasindikiza harusi za wenzake na yeye haolewi. Kwa nini? Mdomo. Na hajui! Ujumbe uliorudiwa tena na tena ulikuwa kwamba hata rafiki zako wa karibu hawatakwambia.

Mnaona ujanja? Walichukua ukweli wa Hieron na wa yule mzee wa China, kwamba mwenyewe hujui na watu hawasemi, wakaugeuza kuwa mashaka yasiyo na mwisho. Kama hakuna atakayekwambia, basi ukimya wa watu hauna tena maana ya kwamba uko salama. Mtu akishika pua kwa sababu ya mafua, wewe unaisoma vingine. Na mtu asiyeweza kupata jibu atanunua chupa kila mwezi mpaka azeeke. Mauzo yalipanda sana.

Pembeni kidogo: kampuni hiyo pia ilitangaza kwa miaka mingi kwamba dawa yao inazuia mafua. Mwaka 1975 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ikaamuru warekebishe kwenye matangazo yao wenyewe, waseme wazi kwamba haizuii mafua wala maumivu ya koo. Walikata rufaa, hukumu ya 1977 ikaendelea kuwabana. Kusukutua kuna matumizi yake, sikatai. Ila ujue historia ya unachosukutulia.

7/ Wanasayansi nao walikuja. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kule Marekani, Fosdick na wenzake walipima harufu kwa kifaa kinachoitwa osmoskopu: ni kama mrija wa kunusia, na bado anayenusa ni pua ya mtu mwingine. Baadaye Joseph Tonzetich, Vancouver, Kanada, akaonyesha harufu yenyewe ni nini: gesi zenye salfa, mojawapo ni ile ya yai bovu. Zinatengenezwa na bakteria wanaopenda sehemu zisizo na hewa, hasa nyuma kabisa ya ulimi na chini ya fizi, wakila mabaki ya protini. Ndiyo maana nilisema Wahindi na kukwangua ulimi walikuwa karibu na ukweli.

Halafu akaja Mel Rosenberg wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, na hapa ndipo jibu lenu lilipo. Mwaka 1995 yeye na wenzake waliwachukua watu 52, wengi wao wakiwa wamelalamika kwamba wananuka mdomo. Wakawaambia wajipime: wafunike mdomo na pua kwa viganja wapumue, walambe kifundo cha mkono wanuse, wateme mate kwenye kisahani wanuse. Mnusaji aliyefundishwa akatoa alama zake kwa vitu vile vile.

Kiganja? Alama za wenyewe hazikulingana na za mnusaji. Kulamba mkono? Hazikulingana. Mate ndiyo angalau yalikaribia, labda kwa kuwa yakishakuwa kwenye kisahani yanakuwa kitu cha nje, siyo "mimi". Na walichojipa kilifuata kile walichokuwa wanakiamini kabla hata ya kujipima. Aliyekuja akiamini ananuka, alinusa uvundo.

Pua ikishazoea kitu inakiacha, kama mtu anayeishi jirani na soko la samaki. Kichwa ndicho kinajaza nafasi iliyobaki.

8/ Hii siyo stori ya kuchekesha tu, na ndiyo sababu nimeiandika. Kuna watu wananuka na hawajui. Hao nawaonea huruma, ila wanatibika: ulimi, fizi, meno yaliyotoboka, kinywa kikavu. Wanaonikosesha usingizi ni wale wasionuka kabisa na wanaamini wananuka. Mwaka 1971 daktari Pryse-Phillips aliueleza ugonjwa huu rasmi, na leo umo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, ICD-11, upande wa afya ya akili. Kliniki ya harufu ya kinywa ya Leuven, Ubelgiji, ilipochambua wagonjwa wake 2,000 mwaka 2009, karibu asilimia 76 chanzo kilikuwa kinywani. Takriban asilimia 16 hawakuwa na harufu yoyote ya kupimika.

Nimekaa na kijana aliyeacha kwaya, akaacha daladala akawa anatembea kwa miguu, anaongea na mimi huku amegeukia dirishani. Nilisogea karibu. Hakuna harufu. Alikuwa amejinusa kiganja kwa miaka minne, mara kadhaa kwa siku, na kila mara kiganja kilimjibu ndiyo.

9/ Kwa hiyo wewe unayepumulia kikombe, weka kikombe chini. Chagua mtu mmoja unayemwamini, asiyekuogopa, mkae umbali wa kawaida wa maongezi, umwulize mara moja. Siyo asubuhi ukiamka. Wakati huo karibu kila mtu ananuka kwa sababu mate hupungua usingizini. Mtoto wa miaka mitano naye anafaa, hana siasa. Akisema ndiyo, nenda kwa daktari wa meno kwanza, na kama una sukari au figo mwambie. Akisema hapana, amini. Kama umeambiwa hapana na watu watatu na bado huamini, usinunue kitu kingine chochote dukani. Njoo tuongee, au mwone daktari wa afya ya akili.

Na mama aliyeuliza amwambieje baba mkwe wake: wewe usimwambie, mama. Mwachie mumeo, wakiwa wawili tu, na aanze na fizi: "Baba, fizi zako zinatoka damu? Twende tukaangaliwe wote." Asipeleke karafuu kimyakimya.

Uzi ujao: ulimi unakwanguliwaje bila kujitapisha. Tuma maswali mapema.