Mikopo Yetu: Kutoka Kahawa hadi Mahitaji ya Shule

Ndugu wana Kilimanjaro, wazee wetu walijua ushirika kwa kahawa. Chama cha wakulima kilianza 1925, KNCU ikafuata 1933. Aliyechukua pembejeo kwa mkopo alikatwa kwenye malipo ya mavuno. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu. Sheria ya 1982 ikavirudisha. SACCOS zilipoenea, dhamana ikawa akiba ya mwanachama na sahihi za wadhamini.

Sisi tunaoshika vitabu vya hesabu tunaona jambo moja. Kwenye fomu mtu huandika "biashara", lakini Januari fedha huishia kwenye sare, ada na nauli za wanafunzi. Hatumlaumu, maana shule haingoji. Ila sare haizai rejesho, na mkopo ukikwama hukatwa akiba ya mdhamini, ambaye mara nyingi ni jirani au shemeji. Wapo walioacha kusalimiana kwa hilo.

Kwa hiyo mwaka huu tunachangia mfuko wa elimu, mikopo ibaki kwa shamba na duka. Ahadi tunapokea kwa awamu, hata kidogo kidogo. Tafadhali mtu asikope SACCOS ili atuchangie.