Meneja wa Mchezo na Meneja wa Timu

Tangu kale binadamu amependa kutawala kwa mchezo mambo asiyoweza kuyatawala kwa kweli. Mcheza bao hupanda na kuvuna kete bila ya shamba wala mvua, na mcheza sataranji huongoza jeshi ambalo hapaswi kulilisha. Katika mkoa wa Mara bao lina heshima yake, maana Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa mpenzi wake mkubwa. Katika ukoo huo wa michezo ya akili amezaliwa mtoto mwingine, naye ni mchezo wa kompyuta wa kuongoza klabu ya mpira wa miguu. Anayeucheza hagusi mpira. Kazi yake ni kuajiri na kufukuza, kununua na kuuza, kupanga kikosi na kuchagua namna ya kushambulia. Kisha huketi akatazama matokeo ya hekima yake au ya upumbavu wake. Nayo furaha kubwa ya wachezaji wengi si kuongoza klabu tajiri. Ni kuichukua klabu ndogo ya daraja la chini, isiyojulikana na mtu, na kuipandisha ngazi kwa ngazi hata ikae juu ya wakubwa. Tarime na Serengeti klabu za namna hiyo hazikubuniwa na mtu; zina wachezaji, madeni na mashabiki wa kweli. Kwa hiyo yafaa historia ya mchezo huu itazamwe kutoka huko.

Mchezo ulianza Uingereza. Mwaka 1982 Kevin Toms alitoa mchezo ulioitwa Football Manager, akauuza kwa kampuni yake mwenyewe, Addictive Games. Kompyuta za nyumbani za siku zile zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno, wala hazikuweza kuonyesha mengi zaidi ya maandishi na picha hafifu. Walakini Toms aliutambua moyo wa jambo lenyewe: alimweka mchezaji katika daraja la nne, chini kabisa ya ngazi ya Kiingereza ya siku zile, akamwacha apande kwa uangalifu wake. Ufukara wa mwanzo ndio uliokuwa chumvi ya mchezo. Mtu aliyepewa kila kitu hana la kujivunia, bali aliyeanza na wachezaji dhaifu na fedha kidogo huhesabu kila ushindi kuwa ni mali aliyoichuma kwa jasho.

Miaka 10 baadaye ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer, walitoa Championship Manager. Toleo la kwanza la mwaka 1992 lilikuwa na majina ya wachezaji ya kubuniwa. Majina ya kweli yaliingia katika toleo lililofuata. Badiliko hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililoupa mchezo sura yake ya leo, kwa kuwa tangu hapo haukutosha tena kuwa hesabu nzuri, bali ulitakiwa uwe pia kumbukumbu ya dunia. Mwaka 1994 ndugu hao waliunda kampuni ya Sports Interactive. Walipoachana na mchapishaji wao, jina la Championship Manager lilibaki kwa mchapishaji, nao wakalichukua jina la Football Manager, ambalo toleo lake la kwanza chini ya Sega lilitoka mwishoni mwa mwaka 2004. Kampuni ikawategemea watazamaji waliotawanyika katika nchi nyingi, wengi wao wapenzi wa klabu zao, waliokwenda viwanjani wakampa kila mchezaji alama za mbio, za pasi, za ushujaa na za akili. Daftari hilo lilikua mpaka klabu za kweli zikalitamani: mwaka 2008 Everton ya Uingereza ilikubaliana na wenye mchezo kulitumia katika kutafuta wachezaji. Na mwaka 2012 kijana Vugar Huseynzade, aliyekuwa na umri wa miaka 21 na ambaye ujuzi wake wa uongozi ulitokana zaidi na mchezo huu, alipewa kazi ya kuongoza kikosi cha akiba cha klabu ya Baku, nchini Azerbaijan.

Lakini daftari si mtu. Katika matoleo ya mwanzo wa karne hii hapakuwa na jina lililotukuzwa zaidi ya Tonton Zola Moukoko, kijana aliyezaliwa Kinshasa, akalelewa Sweden, kisha akaenda kujifunza mpira Derby County ya Uingereza. Katika mchezo alikuwa karibu hafungiki. Maelfu ya watu wasiopata kumwona kwa macho walimnunua wakashinda naye vikombe. Katika maisha alikuwa yatima aliyefiwa tena na ndugu aliyemlea, na mpira wake haukufika pale palipotabiriwa. Alama za mbio na pasi zilikuwa na mahali pake katika daftari. Msiba haukuwa na mahali. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya jambo ambalo mchezo huu hauwezi kulihesabu.

Dalili ya pili ni Afrika yenyewe. Kwa miaka mingi ligi ya Afrika Kusini ndiyo pekee ya bara hili iliyowekwa ndani ya mchezo kwa ukamilifu, na aliyetaka kuongoza klabu ya Tanzania alilazimika kutafuta nyongeza zilizotengenezwa na wapenzi kwa juhudi zao wenyewe. Basi kijana wa Tarime aliyependa umeneja aghalabu aliupata katika mji mdogo wa Uingereza asioujua hata kwa picha. Hilo si jambo geni katika historia ya mpira wa nchi hii. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, bingwa wake wa kwanza alikuwa klabu ya Dar es Salaam iliyojiita Sunderland, jina la mji wa kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1971 ndipo klabu hiyo ilipoitwa Simba. Watu wa kizazi kile walilileta jina la mbali nyumbani, na watu wa kizazi hiki huipeleka akili yao mbali. Lakini shauku ni moja, ya kutaka kuhesabiwa miongoni mwa wacheza mpira wa dunia.

Je, ngazi ya kweli ikoje kwa klabu ya Tarime mjini, ya Sirari penye mpaka wa Kenya, ya Nyamongo penye migodi ya dhahabu, au ya Mugumu, makao makuu ya Serengeti? Huanza katika ligi ya wilaya, ikapanda katika ligi ya mkoa. Bingwa wa mkoa hukutana na mabingwa wa mikoa mingine. Anayefaulu hapo huingia katika daraja ambalo tangu mwaka 2021 huitwa First League, juu yake ipo Championship, na juu ya zote ipo Ligi Kuu. Kwa hesabu ya madaraja ngazi hii haizidi sana ile ya Kiingereza katika mchezo wa kompyuta. Tofauti yake ni masafa. Mto Mara wapita kati ya Tarime na Serengeti, na wakati wa masika barabara za udongo za vijijini huamua ni nani atakayefika uwanjani. Timu ikitoka katika mkoa, nchi nzima ndiyo uwanja wake: kutoka Musoma mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa basi. Klabu ya Kiingereza ya daraja la chini hucheza ugenini ikarudi kulala nyumbani. Klabu ya Mara huhesabu siku za njiani, chakula cha njiani, na miguu iliyovimba kabla ya mchezo.

Hapa lugha yenyewe yatoa ushahidi ambao mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kuupuuza. Katika mpira wa Kiingereza, meneja ni yule anayechagua kikosi na kupanga mbinu, na ndiye ambaye mchezo wa kompyuta wamwiga. Kiswahili cha viwanjani kilimwita huyo kocha. Neno meneja hakikulitupa. Kilimpa mtu mwingine. Meneja wa timu, kwa matumizi ya Tanzania, ni yule anayeshughulikia usafiri na malazi, leseni za wachezaji na hati za kusafiria, jezi na mipira, na barua kwa vyama vya mpira. Hapangi kikosi, huhakikisha kwamba kikosi kilichopangwa kinafika. Yaonekana wasemaji wa Kiswahili, bila ya mkutano wala kamati, waliitazama klabu yao wakaona kuwa ina kazi mbili zinazohitaji majina mawili. Mchezo wa kompyuta unaijua moja tu.

Uzito wa kazi ya pili ulidhihirika katika habari ya Biashara United Mara ya Musoma, klabu iliyobeba jina la mkoa mzima. Ilipanda na kucheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza katika msimu wa 2018/19, msimu wa timu 20. Haikuwa na utajiri wa klabu kubwa za Dar es Salaam, lakini ilidumu. Miongoni mwa makocha wake alikuwamo Francis Baraza kutoka Kenya. Msimu wa 2020/21 ulipokwisha, Biashara ilikuwa ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Kwa kuwa Tanzania ilikuwa imepata nafasi nne katika mashindano ya Afrika, nafasi hiyo ya nne ilitosha kuipeleka katika Kombe la Shirikisho. Hiyo ndiyo hadithi hasa ambayo mchezaji wa kompyuta huikesha usiku kucha: klabu ya pembezoni, iliyotoka daraja la chini, yaitwa katika meza ya bara zima ndani ya misimu mitatu.

Biashara iliiondoa Dikhil ya Djibouti, kisha ikapangiwa Al Ahli Tripoli ya Libya, klabu kongwe na yenye fedha. Mchezo wa kwanza ulichezwa Dar es Salaam, mbali na mashabiki wa Musoma, Oktoba 2021. Biashara ilishinda mabao 2 kwa 0. Ilibaki kwenda Libya na kuilinda tofauti hiyo kwa dakika 90. Haikwenda. Safari ilishindikana, siku ya mchezo ikapita, na Biashara ikatolewa katika mashindano bila ya kufungwa. Al Ahli ikasonga mbele. Msimu huohuo ulipokwisha mwaka 2022, Biashara ilishuka kutoka Ligi Kuu.

Si haki kudai kuwa safari moja ndiyo iliyoishusha klabu, kwa maana kushuka kuna sababu nyingi zinazofuatana. Lakini lile la Oktoba halina utata: wachezaji walikwisha fanya kazi yao, na kocha alikwisha fanya yake. Ushindi ulipotea mahali ambapo hapana mpira, miongoni mwa nauli, ndege na karatasi. Katika mchezo wa kompyuta jambo hilo haliwezi kutokea. Mchezo huo haukosi kuhesabu fedha. Klabu yaweza kuzama katika deni, ikauza nyota wake, hata ikanyang'anywa pointi. Lakini gharama ya safari hata ikihesabiwa, safari yenyewe haikosi kufanyika. Tarehe ikifika, timu imo uwanjani. Aliyeitengeneza njia haonekani, kwa hiyo mchezaji huamini kuwa njia hujitengeneza.

Imani hiyo ina madhara yake nje ya kompyuta. Klabu ikianguka, lawama huenda kwa kocha, naye hufukuzwa. Akija mwingine, mashabiki hungoja muujiza wa mbinu. Ni nadra kuulizwa kama klabu ina mtu anayejua kuandika barua kwa wakati, kama hati za kusafiria zimekamilika, kama fedha ya basi imetengwa kabla ya fedha ya kumsajili mshambuliaji. Maswali hayo hayana utamu wa kubishaniwa kijiweni, lakini ndiyo yanayoamua kama timu ya Tarime itafika Mugumu, na kama ya Musoma itafika Afrika ya Kaskazini.

Hata hivyo mchezo huu usidharauliwe. Unafundisha subira, maana hauwezi kuipandisha klabu kwa siku moja. Unafundisha kuwa kijana asiye na jina leo aweza kuwa tegemeo kesho, somo linalowafaa wanaosimamia UMITASHUMTA na UMISSETA, ambako vipaji vingi vya wilaya huonekana kwa mara ya kwanza. Unafundisha kuandika na kuhesabu: nani amecheza, nani amechoka, mkataba wa nani unakwisha. Klabu ndogo ambayo ingeweka daftari lake kwa uangalifu wa kijana anayecheza mchezo huu ingekuwa imekwisha vuka mito mingi. Kosa halimo katika mchezo, ambao ni mfano wa nchi yenye reli, barabara na ofisi zilizokwisha kaa mahali pake kwa zaidi ya karne. Kosa ni kuuchukua mfano wa nchi hiyo ukadhaniwa kuwa ni ramani ya nchi nyingine.

Historia ya mpira wa Mara itakapoandikwa kwa ukamilifu, mabao mawili ya Oktoba 2021 yatapewa ukurasa wake, na wafungaji watakumbukwa. Ni haki yao. Lakini mwandishi mwenye busara atatafuta pia majina ya wale waliotumwa kuhangaikia ndege, na ya wale wa wilayani waliochangisha nauli ya basi, wakakaa kando ya uwanja wakihesabu nani amefika na nani bado. Kiswahili kilikwisha wapa cheo chao zamani. Kilichobaki ni vilabu kuwapa na fungu lao.