Karatasi ya kontrole na gari kuukuu: historia ya Hiace kwenye barabara za kwetu

Ndugu wasikilizaji wa Pweto, na ninyi ndugu zetu mliohama mkiwa Lubumbashi, Dubie au ng'ambo ya Zambia, leo tuzungumzie gari linalotubeba sisi wote: Hiace ya zamani. Wengi walikimbia ndani yake, na wengi watarudi nyumbani ndani yake, pamoja na magodoro, masufuria na watoto. Shofere akiulizwa kama gari ni zima, anatoa karatasi ya kontrole tekniki. Swali letu ni hili: karatasi ile inatuambia nini, na kitu gani haiwezi kutuambia? Tukitaka jibu, tuanze na historia yake.

Ujerumani na Japani ziliweka sheria za ukaguzi wa magari mwaka 1951. Uingereza ilifuata tarehe 12 Septemba 1960, chini ya waziri Ernest Marples. Mwanzoni Waingereza walipima magari yenye miaka 10 na zaidi tu, na walitazama vitu vitatu: breki, taa na usukani. Magari yaliyokataliwa yalikuwa mengi sana, hata umri ukashushwa hadi miaka 7 mwaka 1961, kisha hadi miaka 3 mwaka 1967. Kumbe hata katika nchi yenye lami na garaji kila mtaa, gari la zamani lilikuwa hatari kuliko vile watu walivyodhani.

Kwetu, sheria mpya ya barabara, nambari 78-022, ilitiwa sahihi tarehe 30 Agosti 1978. Wazee wa Katanga wanaukumbuka mwaka ule: miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu vita vya Kolwezi. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Zairianisation ya Novemba 1973 ilikuwa imevuruga maduka na kampuni zilizoleta vipuri. Sheria ilidai gari zima wakati ambapo kupata kipuri kizima ilikuwa taabu kubwa. Kazi ya kupima iliingia pia mikononi mwa Ofisi ya Kongo ya Kontrole, OCC, iliyozaliwa mwaka 1974 kwa jina la OZAC.

Hapa ndipo ugumu ulipo. Ukali wa kontrole unategemea sana mahali gari litakapokwenda likikataliwa. Kule Uingereza linakwenda garaji au kwenye vyuma chakavu. Kule Japani, gari dogo la mizigo likishapita miaka yake ya kwanza hurudi kwenye ukaguzi kila mwaka. Ukaguzi ule ni wa gharama, na mwenye gari anaona afadhali kuuza. Mnunuzi analipandisha meli: Dubai, Dar es Salaam, kisha barabara ya Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa. Gari linalomchosha Mjapani kwa gharama za ukaguzi linakuja kwetu. Je, kontrole ya kwetu ikilikataa, litakwenda wapi? Nyuma yetu hakuna soko lingine. Ndiyo maana, mahali pengi, karatasi imegeuka kuwa kama kodi ya barabara: unalipa, unaendelea na safari.

Si sisi peke yetu. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilisema kwamba magari madogo milioni 14 yaliyokwisha kutumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani kati ya 2015 na 2018, na karibu asilimia 40 yalikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi walipotazama magari yaliyopita bandari zao kuja Afrika, waliona kwamba mengi hayakuwa tena na cheti halali cha ukaguzi. Kinshasa walijua jambo hilo zamani. Mercedes 207, gari la mizigo lililokatwa madirisha na kuwekwa mabenchi, walilipa jina la “roho ya kifo”. Mwaka 2012 serikali ya Waziri Mkuu Matata Ponyo ilitoa dekre ya kuzuia kuingiza magari yaliyopita miaka 10. Lakini dekre inasimama mpakani. Haitengenezi gari lililokwisha kuingia.

Sasa tulitazame lenyewe. Hiace ilianza kutengenezwa mwaka 1967, na ile ya zamani tunayoijua zaidi ni ya kati ya 1989 na 2004.

Kasoro ya kwanza haitokani na uzee. Japani na Zambia gari linapita kushoto; Kongo linapita kulia. Hiace iliyotengenezwa kwa Japani ina volani kulia, na mara nyingi ina mlango mmoja tu wa kusukuma, upande wa kushoto. Ng'ambo, Chienge, mlango ule unafungukia kando ya barabara. Likivuka kuja Pweto, mlango uleule unafungukia katikati ya barabara, kwenye malori. Taa zake pia zilipangwa kumulika zaidi upande wa kushoto. Kwetu zinampiga machoni shofere anayekuja mbele. Na kama fundi amehamisha volani kutoka kulia kwenda kushoto, maisha ya abiria yanategemea vyuma vilivyochomelewa mahali ambapo kiwanda hakikuchomelea.

Kasoro ya pili ni miguu ya mbele. Rotili na mikono ya volani vinaliwa na mashimo na vumbi la barabara ya Kasomeno na Kilwa. Alama zake zinaonekana: volani inacheza kabla magurudumu hayajageuka, na mpira wa mbele umeliwa upande mmoja.

Ya tatu ni breki. Nyuma ya Hiace nyingi kuna valvu inayosikia uzito: gari likijaa, inaruhusu breki za nyuma kushika zaidi. Ikipata kutu na kukwama, au fundi akiifunga kwa waya, breki za mbele zinaweza kubaki na kazi kubwa kupita kiasi, zikapata moto na kuchoka mteremkoni. Hapo kontrole inaweza kudanganywa bila mtu kutoa hata franka moja, kwa sababu gari linakwenda kupimwa likiwa tupu. Barabarani lina watu ishirini na zaidi, magunia ya mihogo na samaki wa ziwa Mweru juu ya paa. Lililopimwa na linalosafiri ni kama magari mawili.

Ya nne ni kutu: reli ya mlango, sakafu, na mahali springi za nyuma zinaposhikilia. Mabenchi yakichomelewa juu ya sakafu iliyooza, siku ya ajali benchi linang'oka pamoja na watu wake. Ya tano ni moshi. Injini iko chini ya viti vya mbele. Bomba la moshi likipasuka, sumu inaingia ndani, na watoto wanaanza kusinzia na kuumwa kichwa.

Mkaguzi, hata aliye mwaminifu kabisa, ana mipaka. Hafungui breki wala injini. Anatazama, anatikisa, anapima. Anasema jinsi gari lilivyo saa ile. Mapine mazuri yanaweza kuazimwa asubuhi na kurudishwa jioni. Karatasi ni ushahidi wa siku moja, na Hiace inaharibika kila wiki.

Basi mama, baba, kabla ya kupandisha watoto, zunguka gari. Tazama mapine: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa namna hiyo ni mzee hata kama meno yake bado marefu. Mwombe shofere akanyage breki: mguu ukizama mpaka chini, ngojea gari lingine. Mkifika, na kama mlango uko kushoto, watoto wasishuke kabla mtu mzima hajatazama barabara pande zote mbili.

Kwa viongozi, ombi ni jepesi kusema. Gari la abiria lipimwe likiwa na mzigo. Lililokataliwa lipewe muda na mahali pa kutengenezwa, kwani mwenye gari akinyimwa vyote viwili atatafuta karatasi tu. Sheria ya 1978 ilijua kudai gari zima, na tangu siku ile kinachokosekana ni kipuri kizuri, kwa bei ambayo shofere wa Pweto anaweza kulipa.