Zabibu za Dodoma: Shamba Lililoanzia Altareni

Msafiri wa Kasanda, kwetu Buyungu mkoani Kigoma, anayekwenda Dar es Salaam, akishazipita Kakonko, Nyakanazi, Kahama na Singida, huingia Dodoma, mji unaoongoza kwa zabibu nchini. Wengi wetu huziona dirishani tu, basi likaondoka. Ni hasara, maana nyuma ya matunda yale ipo historia inayowagusa hata wakulima wa migomba wa Buyungu.

Historia hiyo inaanzia Bihawana, misheni iliyo kusini-magharibi mwa mji. Mapadri Wapasionisti kutoka Italia walikuwa wakihudumu Ugogo tangu miaka ya 1930. Misa haiadhimishwi bila divai ya zabibu, na divai ya kuagiza ng'ambo ilikuwa ghali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wamisionari wakapanda mizabibu, nayo ikashika. Baadaye Gereza la Isanga likalima, na wanavijiji wakachukua vipando wakapanda vyao.

Ardhi iliyosifika kwa njaa ndiyo iliyoipenda mizabibu. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, kisha kiangazi kirefu kinachopunguza ukungu unaoozesha matunda. Mji uko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, hivyo joto la mchana hupoa usiku. Ufaransa mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka. Dodoma haulali. Mkulima huuamsha kwa kuupogolea, akavuna mara mbili: karibu na Machi, na tena karibu na Septemba.

Serikali iliona fursa. Mwaka 1979 kituo cha utafiti na mafunzo ya zabibu kilianzishwa Makutupora, na jina la mahali hapo likabaki katika aina ya zabibu nyekundu inayolimwa hadi leo. Kiwanda cha umma, DOWICO, kikasindika zabibu kuwa mvinyo. Kilipodorora, wakulima walibaki na mazao yasiyo na mnunuzi. Mahindi hukaa ghalani, lakini zabibu iliyokatwa haisubiri wiki. Wapo waliong'oa mizabibu yao.

Uhai ulirudi miaka ya 2000, Waitaliano walipofungua kiwanda cha Cetawico huko Hombolo. Wasindikaji wadogo nao wakajifunza kukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu kwenye matenki ili kuuza bila kukimbizana na kuoza. Sheria ya ushuru ikaupa nafuu mvinyo unaotengenezwa zaidi kwa zabibu za nchini. Hata hivyo, kilio cha soko hakijaisha: mwaka wa mavuno mengi, matenki hujaa na bei huanguka.

Ndiyo maana nasema mgeni naye ni soko. Anayetaka kuiona nchi hii vizuri alale gesti mjini, asubuhi aende Bihawana, kisha ashike barabara ya Arusha hadi Makutupora. Siku ya pili aelekee Hombolo, ambako kuna bwawa lililojengwa mwaka 1957, na Chinangali, ambako mizabibu hunyweshwa kwa umwagiliaji. Mezani aagize ugali wa uwele na mlenda, chakula cha Wagogo wenyewe, pamoja na nyama ya mbuzi. Kwa chakula hicho, mvinyo mwekundu wa Dodoma hauhitaji kusifiwa na mtu wa mbali.

Wafaransa walilielewa jambo hili mapema. Mwaka 1953, miaka michache baada ya vita vilivyobomoa vijiji vya Alsace, mkoa huo ulizindua Njia ya Mvinyo ya kilomita 170 hivi, kutoka Marlenheim hadi Thann. Vibao vikaelekeza wageni vijijini, na wakulima wakauza chupa mlangoni mwao na kupangisha vyumba vya kulala. Kabla ya hapo sheria ya nchi hiyo ilikuwa imeanza kulinda majina ya mahali mvinyo unapotoka, hivyo jina la kijiji likawa mali ya kijiji.

Dodoma inaweza kufanya hivyo: vibao barabarani, ratiba ya mavuno inayotangazwa, vyumba safi Hombolo, na jina la Dodoma kulindwa kisheria kwenye chupa. Nasi Buyungu tusibaki watazamaji. Tunavundika ndizi shimoni, tunakamua kwa nyasi, tunachachusha kwa unga wa mtama uliokaangwa, tukapata pombe ya ndizi. Ni ufundi kamili, lakini hauna kituo cha utafiti wala jina kwenye chupa. Zabibu ilikuja na wageni, ikalelewa na wamisionari, wafungwa, watafiti na wakulima hadi ikawa ya Dodoma. Pombe ya ndizi ya Kasanda tunayo tayari. Halmashauri na vyama vya ushirika vianze kwa kuandika namna wazee wanavyoitengeneza, kuipima ubora, na kuipa jina la hapa.