AKIBA HAIOZI, LAKINI MAHINDI HUOZA



Ramadhani ikikaribia, nyumba nyingi huanza kununua vitu kidogo kidogo: sukari, unga wa ngano, tende, mchele, maharagwe. Hiyo ni akiba ya mwezi mmoja, tena mwezi ambao tunajua utakuja lini. Njaa haitupi nafasi hiyo. Haipigi hodi wala haiandami kama mwezi tukaiona. Basi hebu tuangalie historia ya huku kwetu, miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Kanyakine na Nkubu mpaka kwenye nchi kavu ya Tharaka, Mbeere na, ng'ambo ya mto Tana, Kitui. Waswahili wanasema akiba haiozi. Ni kweli? Historia ina jibu lake.

GHALA LA WAZEE

Kabla ya mahindi kutawala mashamba yetu, wazee wa huku walilima vitu vingi kwa pamoja: mtama, uwele, wimbi, njahi, kunde, mbaazi, ndizi, nduma, viazi vitamu na viazi vikuu. Wimbi na mtama, vikikaushwa vizuri, hukaa ghalani muda mrefu. Ghala lenyewe liliinuliwa juu ya vigingi ili unyevu wa ardhi usipande, likaezekwa nyasi. Mbegu zilichanganywa na jivu au kuning'inizwa juu ya meko, moshi ukafanya kazi ya dawa.

Akiba nyingine haikuingia ghalani kabisa. Kiazi kikuu kilipandwa chini ya mti, kikatambaa juu yake, na mwenyewe alichimba kipande leo akaacha kingine ardhini. Kwa hiyo mvua ya masika ikikosa kunyesha, palikuwa na kitu cha kungojea ile ya vuli.

Kulikuwa pia na akiba ya tatu, yaani watu. Ukame ulipowashika watu wa nchi kavu, walipanda mlimani na mbuzi wao kutafuta chakula. Mwaka mwingine mambo yaligeuka, aliyeuza akawa ndiye mnunuzi. Ujirani huo ulipimwa vikali katika ile njaa kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19, hasa 1898 na 1899. Sotoka ilikuwa imekwisha ua ng'ombe wengi, mvua zikakosekana, ndui nayo ikaingia. Wakamba wengi walihama kuja nyanda za juu. Wako waliobadilishana mifugo yao yote kwa chakula, na wako waliolazimika kuacha mabinti zao katika nyumba za watu ili wapate kula. Ndugu msomaji, hilo ndilo gharama ya kukosa akiba. Mtu huanza kuuza mbuzi, mwisho anatoa mwanawe.

NAKUFA NA PESA MKONONI

Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliruhusu Waafrika wa Meru, Embu na Kisii kulima kahawa, zao ambalo walowezi walitaka liwe lao peke yao. Kahawa ilileta pesa, na pesa ilijenga nyumba na kusomesha watoto. Hakuna wa kuikataa neema hiyo. Lakini pole pole shamba la chakula lilipungua, na chakula chenyewe kikawa mahindi tu. Ghala likahamia sokoni. Tukaanza kupima maisha kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo 2 hivi unaoujua.

Mwaka 1984 mvua ya masika ilikosa kunyesha sehemu kubwa ya Kenya. Wakamba, ambao huipa kila njaa jina lake, waliiita ile njaa "Nikw'a ngwete", maana yake nakufa huku nimeshika. Kushika nini? Pesa! Mtu alikuwa na noti mkononi, akafika dukani akakuta rafu tupu. Serikali iliagiza mahindi ya manjano kutoka nje na watu wengi wakaokolewa, alhamdulillahi. Hata hivyo jina lile limebaki kuwa funzo: pesa ni akiba ikiwa tu kuna anayeuza. Tuliliona tena mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na maduka. Na mvua za El Nino za 1997 zilipobomoa barabara na madaraja, mwenye pesa na asiye nazo walikaa upande mmoja wa mto.

MWAKA AKIBA ILIPOUA

Sasa tuje kwenye jambo lililo zito zaidi. Mwaka 2004, katika Mkoa wa Mashariki wa wakati huo, uliojumuisha Meru na Embu, watu wa Makueni na Kitui walianza kuumwa. Macho yaligeuka manjano, tumbo likavimba, maini yakaharibika. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 317, na 125 kati yao walifariki. Haukuwa ugonjwa wa kuambukizana. Ilikuwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na ilitoka kwenye mahindi yao wenyewe, waliyolima kwa jasho na kuyaweka nyumbani yakiwa na unyevu. Ukanda huo ulikuwa umeonjeshwa mapema: mwaka 1981 watu 12 walikufa kwa sumu hiyo hiyo Machakos.

Fikiria jambo hilo. Hawa hawakuwa wavivu. Walifanya tunalohimizwa sote, yaani kuweka chakula. Kilichokosekana ni jua la kutosha na sakafu kavu. Na ukitaka kujua ubaya wa sumu hii, kuichemsha hakuiondoi. Githeri ikikaa motoni asubuhi mpaka jioni, sumu bado imo.

Adui mwingine alikuja kwa miguu sita. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika, aligunduliwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kufikia 1983 alikuwa amevuka mpaka na kuingia Taveta. Huyu hageuzi nafaka kuwa mbovu tu, huifanya unga kabla wewe hujafika posho mill. Ghala la zamani lililowatosha wazee wetu halimwezi huyu.

MFANO WA NABII YUSUF (A.S.)

Wasomaji wa Qur'an mnakijua kisa cha mfalme wa Misri na ndoto yake. Nabii Yusuf (A.S.) alipoifasiri hakusema tu wekeni chakula. Alisema jinsi ya kukiweka: kivunwacho kiachwe katika masuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Punje iliyo ndani ya suke ina ganda lake. Yaani kabla ya miaka saba ya dhiki kulikuwa na hesabu, na ndani ya hesabu kulikuwa na ujuzi wa kuhifadhi.

Historia ya Uislamu ina mfano mwingine pia. Mwaka wa 18 Hijria Arabuni ilipatwa na ukame mkali, mpaka mwaka huo ukaitwa mwaka wa majivu. Khalifa Umar (R.A.) aliagiza nafaka kutoka Sham kwa ajili ya wenye njaa, naye mwenyewe akajizuia samli mpaka watu wapate. Hapo ndipo tunapotofautisha akiba na ulanguzi. Mwenye akiba huweka ili nyumba yake isiombe na jirani asilale njaa. Mlanguzi huficha ili bei ipande. Magunia yanaweza kufanana, nia hazifanani, na Mtume (S.A.W.) amelikataza hilo la pili.

TUFANYE NINI?

Kijana mwenzangu, usiseme huna uwezo. Hesabu inayotumika sana Kenya ni kama gunia moja la kilo 90 la mahindi kwa mtu mmoja kwa mwaka. Ukiweka gorogoro moja kila wiki, baada ya wiki 52 una zaidi ya gunia. Hilo linawezekana hata kwa mwenye kibarua.

Lakini kausha kwanza! Anika juu ya turubai, si juu ya udongo. Kisha chukua chupa kavu, tia punje kiasi na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi iking'ang'ania kwenye chupa, mahindi bado yana maji, yarudishe juani. Ikianguka chini yote, weka. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Ukipata mfuko usiopitisha hewa, nafaka iliyokauka itakaa humo na dumuzi atakosa pumzi. Kula ya zamani kwanza, na yenye kuvu usimpe mtu wala kuku. Weka pia njahi, mbaazi, chumvi, kiberiti, na maji safi ya siku kadhaa. Na ukiwa na kipembe cha shamba, rudisha kiazi kikuu chini ya mti na nduma kando ya mto.

Katika mwezi huu tunaonja njaa ya masaa machache, tukijua magharibi itafika. Majirani zetu wa nchi kavu wameonja njaa isiyo na adhana ya kuimaliza. Tunapofungua leo, tutenge gorogoro ya nyumba na kibaba cha jirani. Akiba haiozi, wamesema wahenga, na kuilinda isioze ni kazi yetu.

Wabillahi tawfiq. Ramadhani njema.