Safu za Mambo Leo na Mshairi wa Uwanja wa Arusha

Sisi wapenzi wa ushairi tumezoea kuyahesabu majina ya magwiji, na magwiji wanastahili. Lakini gazeti haliishi kwa magwiji peke yao. Huishi kwa safu zake, zile kurasa ambazo msomaji amekwisha kuzijua mahali pake kabla hajalifunua jalada, na ambazo zikikosekana mwezi mmoja huona ameibiwa. Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililoanzishwa Januari 1923 na Idara ya Elimu ya Tanganyika na kudumu hadi 1963, lilikuwa na safu za namna hiyo. Mtu aliyefungua Habari za Miji alikuwa akitafuta kwao, aone kama mji wake umetajwa mwezi huo: nani kahamishwa, mvua imenyeshaje, sikukuu ilikwendaje. Palikuwa na barua za wasomaji, palikuwa na mawaidha ya kilimo na afya, ambayo nadhani yalisomwa na wachache kuliko serikali ilivyotaraji, na palikuwa na hadithi.

Mhariri wake wa mwanzo, Frederick Johnson, alikuwa mtafsiri mwenye pumzi ndefu. Mwaka 1929 ulitoka Mashimo ya Mfalme Sulemani, na mwaka huo huo Kisiwa chenye Hazina. Kisha akaongoza Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930, na kamusi yake ikachapwa 1939, miaka miwili baada ya kifo chake. Mimi ninayeishi kwa kazi hiyo hiyo ya kutafsiri namwonea wivu kwa jambo moja tu: wasomaji wake walikuwa hawajachoshwa na mapango ya hazina na ramani zilizochanika.

Lakini safu ninayoipenda kupita zote ni ya mashairi. Nayo nimekuwa nikiifikiria zaidi hapa Arusha kuliko nilipokuwa pwani. Reli kutoka Tanga iliishia Moshi kwa miaka mingi. Arusha haikufika mpaka 1929. Watu wa chini ya Mlima Meru walikuwa na lugha zao nyumbani: Wameru Kimeru chao, Waarusha Kimaa chao. Kiswahili walikikuta bomani, sokoni na shuleni. Ushairi wa vina na mizani haukuwa katika nyimbo za mama zao. Inakuwaje basi mtu wa namna hiyo, wa huku au wa Ujiji au wa Dodoma, akapata ujasiri wa kuketi na kumjibu mtunzi wa Tanga au Pangani kwa beti za mizani kumi na sita?

Nionavyo mimi, ujasiri huo ulitoka katika namna safu yenyewe ilivyokwenda. Ilikuwa ni mchezo, na kila mchezo wenye kanuni humkaribisha mgeni. Mtunzi alianza kwa kumwomba mhariri nafasi. Akatoa fumbo lake, au swali, au shutuma, katika beti za mishororo minne. Akafunga kwa kaditamati, akataja jina na mahali alipo. Kisha akangoja. Jibu halikuja kesho; lilikuja mwezi wa pili au wa tatu, kutoka kwa mtu asiyemjua wala hatamwona, naye kwa adabu alifuata bahari ile ile, na akiwa hodari zaidi alichukua hata vina vile vile, amshinde mwenzake kwa silaha yake mwenyewe. Wa tatu akaingilia kati kuwasuluhisha, au kuwachochea. Mhariri alikuwa mwamuzi: yeye ndiye aliyeamua nani aingie uwanjani na malumbano yakome lini.

Wengine waliingia kwa lakabu. K.H.A. Akilimali alijulikana kwa jina la Snow-White, na hakuna aliyemwuliza theluji ameipata wapi. Lakabu ilimpa mtu sura nyingine. Karani mnyenyekevu wa mchana, asiyethubutu kuinua sauti mbele ya bwana wake, usiku akawa mbabe mwenye kutisha malenga wa mbali.

Huko Marekani mwaka 1974 ulitoka mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji hujivika nafsi za mashujaa na wachawi, na mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi. Gazeti lake, Dragon, lililoanza 1976, lilikuwa na safu ya kujibu maswali ya wasomaji juu ya kanuni, na safu hiyo ilipendwa kwa miaka mingi. Nilipopata habari hizo nilicheka. Babu zetu walikuwa na meza hiyo, pana kama Tanganyika nzima, na posta ndiyo iliyozungusha zamu.

Kanuni za meza yetu ziliandikwa na kijana wa Ujiji. Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa 1924, alitoa mwaka 1954 kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Najua wako wenzetu wa mwambao wasiokipenda. Husema ushairi haufundishwi kwa kanuni, hurithiwa kwa sikio. Na ya kwamba Sheria zile zilizaa watunzi wengi wa kuhesabu vidole. Hilo la vidole nalikubali. Na vijana wa vyuo wa miaka ya sabini, Kezilahabi na Kichomi chake cha 1974 akiwa mbele, waliziona kuwa pingu. Lakini aliyezaliwa Lamu hakuhitaji kitabu. Aliyekihitaji ni yule ambaye sikio lake lililelewa kwa lugha nyingine, na kwake huyo kanuni zilizoandikwa hazikuwa pingu; zilikuwa mlango. Mimi sikusomeshwa ushairi na mtu. Kitabu kile ndicho kilichonifundisha kwa nini sikio langu lilikuwa linakataa mshororo fulani.

Meza ile ilikuwa na mipaka, na si haki kuificha. Mwenye meza alikuwa serikali ya kikoloni. Novemba 1951, Wameru wapatao 3,000 walipoondolewa kwa nguvu Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi, gazeti la serikali halikuwa baraza la kuishtaki serikali. Kirilo Japhet alikipeleka kilio hicho New York, Umoja wa Mataifa, mwaka 1952. Baada ya uhuru meza ilibadili mwenyewe. Azimio la Arusha lilipotangazwa 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi walieneze, na Mathias Mnyampala akalitungia ngonjera. Ngonjera zile zilisaidia siasa kuliko zilivyousaidia ushairi, kwa sababu jibu lilijulikana kabla ya swali.

Amri Abedi hakuyaona hayo. Alikuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa waziri, akafariki 1964 akiwa na miaka 40. Jina lake limo hapa mjini, katika uwanja wa mpira wa Sheikh Amri Abeid. Maelfu wamelitamka wakienda kutazama mechi, na magazeti hulichapa mara kwa mara. Mara nyingi huliongezea neno: huandika "Sheikh Amri Abeid Karume", wakidhani ni jamaa wa Rais wa kwanza wa Zanzibar.